Hongera ya Kukataliwa

Mama yangu, Eufrasia, huandika barua kama wengine wanavyofua nguo: zikishajaa, anakaa chini anaanza. Kwetu Edmonton, kaskazini mwa London, hatuna meza ya kuandikia. Hufungua meza ya kupigia pasi sebuleni, anaishusha mpaka ilingane na magoti, anaketi kwenye kochi, anaandika anwani upande wa kulia, tarehe chini yake, halafu neno YAH, na kulipigia mstari kwa rula yangu ya shule. Mwisho kabisa, baada ya sahihi, zinakuja nakala.

Nilipokuwa mdogo nilidhani nakala ni sala, kwa sababu kabla ya kufunga bahasha alizisoma kwa sauti, polepole: "Nakala, Mkuu wa Mkoa. Nakala, Mkuu wa Wilaya. Nakala, Mkuu wa Magereza. Nakala, Mbunge. Nakala, Baba Askofu." Siku moja, nikiwa na miaka sita, nikaanza kuitikia kila baada ya jina, kama kanisani: "Utuombee." Mama alicheka mpaka akajilaza. Baadaye niliona anafuta macho, nikadhani bado ni kicheko.

Barua zote zilimhusu mjomba Justin, mdogo wake wa pekee. Mwaka 2011, huko kwetu Kagera, duka moja lilivamiwa na watu wenye bunduki, na siku nne baadaye mjomba akakamatwa. Shahidi mmoja alisema alimtambua kwa mwanga wa taa ya chemli. Akafungwa miaka thelathini. Lakini saa ile duka linavunjwa, mjomba alikuwa kijiji kingine kabisa, kwenye matanga ya bibi yao, anagawa ndizi. Watu zaidi ya mia walimwona. Kuna hata walionung'unika kwamba anawapunja.

Kesi aliiendesha mwenyewe, bila wakili, yeye aliyeishia darasa la saba. Alipoulizwa mahakamani kama ana swali kwa shahidi, alijibu hana. Mama anasema hakuwa mjinga. Alilelewa kwamba kumhoji mtu mzima mbele ya mkubwa mwingine ni utovu wa adabu, na shahidi alikuwa na umri wa baba yake. Basi akanyamaza kwa heshima, na ile heshima ikaandikwa kwenye jalada kwamba mshitakiwa hana swali. Wala hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuomba watu wa matanga waitwe.

Kazi ya mama ni kulea wazee majumbani mwao. Anapanda basi namba 279, anashuka, anaingia kwa mzee, anapiga kwa simu picha ya alama ya kampuni iliyobandikwa nyuma ya mlango, na hapo saa inaanza kuhesabu. Dakika thelathini. Ndani ya hizo amwogeshe mtu, amvishe, ampe dawa, chai, na maneno mawili matatu ya kumfanya ajione bado ni binadamu. Kisha picha nyingine ya alama, na basi.

Katika wazee wake alikuwepo Bibi Kalpana. Mwaka huo ninaousimulia, 2020, alikuwa na miaka themanini na miwili. Alizaliwa Mwanza, akasoma Mwanza, na kwa miaka minane alipiga chapa kwa wakili mmoja pale Mwanza, rufaa na viapo na hati za wito, mpaka alipohamia Uingereza mwaka 1968. Mumewe alikuwa na pasi ya Uingereza kama yeye, lakini sheria ilibadilishwa akiwa bado hajasafiri, akazuiwa. Bibi Kalpana akapata kazi kwa wakili wa Walthamstow, na miaka ile baadhi ya Wahindi wa Afrika Mashariki waliozuiwa namna hiyo walipeleka malalamiko yao Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Yeye alipiga chapa fomu za baadhi yao. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoijua siri ya kesi kubwa: nyingi hufa mlangoni, kabla hata hazijaulizwa zinataka nini.

Kiswahili chake ni cha zamani, kimenyooka, na hakina huruma.

Haya yaliyotokea asubuhi moja ya Agosti sikuyaona, mama alinisimulia akiigiza sauti zote mbili. Alikuwa anamchana nywele.

"Eufrasia, leo mkono mzito. Unanichana au unalima?"

"Samahani Mama. Mawazo."

"Ya mwanamume?"

"Ya mdogo wangu."

Akamweleza. Kampuni yao hairuhusu kumpelekea mteja shida zako, lakini mteja akikuuliza utafanyaje, na Bibi Kalpana alikuwa anauliza kama karani. Nani alihukumu? Lini? Alikata rufaa?

"Sasa kesi iliishia wapi?"

"Haijaisha, Mama. Imefika mpaka kwa Baba Askofu."

Bibi Kalpana akageuza kichwa, kitana kikabaki kinaning'inia. "Askofu siku hizi ni jaji?"

"Hapana, lakini anafahamiana na watu."

"Anafahamiana na watu! Binti, miaka minane sikuona jaji hata mmoja aliyeandika 'rufaa imekubaliwa kwa kuwa Askofu anafahamiana na watu'."

Mama anasema alitamani kumwaga chai aliyokuwa amemwandalia. Lakini kabla dakika hazijaisha, Bibi Kalpana alikuwa amemwambia kitu ambacho mama, pamoja na barua zake zote, hakuwahi kukisikia: kwamba Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwamba Tanzania iliwahi kukubali mwananchi wa kawaida aende pale mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Na kwamba mwaka uliopita, Novemba, Tanzania ilitoa taarifa ya kuiondoa ruhusa hiyo, ila kuondolewa kwenyewe kungeanza baada ya mwaka mmoja. Atakayewahi kabla ya tarehe 22 Novemba atasikilizwa. Atakayechelewa, mlango umefungwa.

"Umebakiwa na miezi mitatu," akasema Bibi Kalpana. "Jumapili hujaajiriwa na mtu. Nipigie."

Ndivyo zilivyoanza Jumapili zetu. Ilikuwa mwaka wa korona, watu hawatembeleani, basi mama aliweka simu kwenye spika juu ya meza ya pasi, pembeni ya jalada lake la kijani, na mimi nikakaa kwenye zulia nikijifanya nasoma. Nilikuwa na miaka kumi na moja, naingia sekondari Septemba. Nilitaka kujua kila kitu. Mahakama inawezaje kumkataa mtu kabla ya kumsikiliza? Nilimwuliza Bibi Kalpana hivyo hivyo, kwa Kiingereza, mama akaniambia "Sijasikia," kama kawaida yake, mpaka niliporudia kwa Kiswahili.

"Mtoto mzuri," ikajibu spika. "Mahakama hiyo inahukumu nchi. Ukimshitaki jirani kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anauliza nini kwanza? Ulimwambia mwenyewe jirani? Basi na hii inauliza hivyo. Nchi yako uliipa nafasi yote ya kujirekebisha? Ulipanda mahakama zake mpaka ya juu? Kama hukupanda, rudi ukapande."

"Alipanda!" mama akasema. "Jalada hili hapa. Barua arobaini na moja."

"Barua si ngazi, Eufrasia. Nataka karatasi moja tu. Hukumu ya rufaa ya mwisho."

Mama akapekua. Barua, nakala za barua, risiti za posta, majibu. Majibu yalikuwa matatu, yote yakifanana, na mama aliyathamini kuliko kitu chochote. Akasoma moja kwa sauti ya fahari: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi."

"Ya mwaka gani hiyo?" ikauliza spika.

"Elfu mbili na kumi na sita."

"Imefanyiwa kazi gani?"

Mama akaikunja tena ile barua. Na hapo ndipo nilipoelewa kosa la familia yetu nzima. Kwa miaka minne waliamini kesi ya mjomba iko mezani kwa mtu fulani mkubwa, inafanyiwa kazi, na ukimharakisha mkubwa utaharibu. Kumbe hapakuwa na meza. Kama kulikuwa na hukumu ya mwisho, hakuna hata mmoja wetu aliyeiona.

"Hilo si jibu," Bibi Kalpana akasema, safari hii kwa upole. "Huo ni mto. Wamekupa ulalie."

Ikabidi aulizwe Adelina, mke wa mjomba, aliye Bukoba na ambaye husuka mikeka na kuiuza. Shangazi Adelina (namwita shangazi, kwa kuwa neno jingine sina) alisema ndiyo, aliwahi kusikia kwamba rufaa ya juu ilisomwa, lakini mjomba alimwambia asiwaambie walioko Ulaya, wasije wakakata tamaa. "Na mimi nikaona, wifi anavyoandika kwa moyo vile, nimwambie nini?"

Mama alikaa na simu mkononi. "Adelina. Miaka mitano mnanificha?"

"Tulikuwa tunakutunza, wifi."

"Mimi ndiye ninayetunza watu! Ndiyo kazi yangu!"

Akakata. Akapiga tena baada ya dakika mbili, akaomba radhi, akamwomba aende masjala ya mahakama akaombe nakala ya hukumu. Adelina alienda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa aje na namba ya shauri. Mara ya pili alikuja na namba, mwenye funguo hayupo. Mara ya tatu alikwenda na mkeka wake mwenyewe, akautandika kwenye varanda, akakaa anasuka mwingine. Saa sita mchana wakampa.

Picha zilifika kwa WhatsApp Jumapili moja ya Septemba, kurasa kumi na moja. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na mama aliniambia nisome yeye atasikiliza. Nilisoma. Mengi sikuyaelewa. Lakini aya ya mwisho angeielewa mtu yeyote: hoja za mleta rufaa hazina mashiko, rufaa inatupwa yote. Tarehe 2 Septemba 2015.

Mama alikunja mikono mapajani. Alisema jambo moja tu, kwa Kihaya, na sitaliandika. Simu ilikuwa hewani muda wote.

"Eufrasia? Umesikia ilivyosema?"

"Nimesikia, Mama. Imetupwa."

"Yote?"

"Yote."

"Hongera!"

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Mama naye alidhani hivyo hivyo, maana aliinua simu akaitazama kama vile inanuka. "Hongera ya nini, Mama? Wamemkataa!"

"Ndiyo! Wamemkataa mpaka juu. Hakuna mahakama nyingine juu yake. Sasa hakuna anayeweza kukwambia rudi ukapande. Binti, ulikuwa unaomboleza ufunguo."

Nafikiri sijawahi kuona sura ya mtu ikifanya vitu viwili kwa wakati mmoja kama ya mama siku ile. Machozi yalikuwa yanatoka, lakini mkono wake tayari ulikuwa unatafuta kalamu.

Kuandika ombi lenyewe ilikuwa vita. Kwanza, mama aliposikia kwamba mahakama ile inapokea Kiswahili, alifurahi kupita kiasi. Aliandika kwenye simu, kwa kidole gumba, ndani ya basi 279, kati ya mzee mmoja na mwingine, na Jumapili akasoma mbele ya spika.

"'Shahidi huyo, fisi aliyevaa shati...'"

"Toa fisi."

"Mama, ni fisi kweli."

"Sharti limeandikwa: ombi lisiwe na lugha ya kutukana. Ukitukana, wanaweza kulikataa zima. Utamfungia mdogo wako kwa sababu ya fisi?"

Mama akafuta. Akaendelea. "'Shahidi huyo, ambaye macho yake kijiji kizima kinajua yanaona noti tu...'"

"Eufrasia."

"Hilo si tusi! Ni maelezo!"

"Andika: 'shahidi alidai kunitambua kwa mwanga wa taa ya chemli, umbali wa hatua ishirini'. Basi. Acha hatua ishirini zimtukane."

Mama alikaa akiitafakari ile sentensi, kisha akacheka kidogo kidogo. Kuanzia hapo akawa anafanya mwenyewe. Nilimsikia jikoni akijisemea: "'Kwa uonevu wa kishetani'... hapana. 'Bila kuelezwa haki yangu ya kuwa na wakili.' Eeh. Hiyo inauma zaidi." Kila alipotoa tusi, nafasi yake aliweka tarehe, au jina la mahali, au namba ya ukurasa. Ombi lilikuwa linapungua unene na kuongezeka uzito, sijui niseme vipi vizuri zaidi.

Halafu ikaja shida ya muda. Bibi Kalpana aliiacha makusudi mpaka mambo mengine yakae sawa.

"Hukumu ni ya Septemba 2015. Sasa ni Oktoba 2020. Sharti jingine linasema ombi liletwe ndani ya muda unaofaa."

"Unaofaa ni muda gani?"

"Hawakutaja. Wanaangalia kila kesi na hali yake. Kuwa gerezani kunasaidia, kukosa wakili kunasaidia. Lakini miaka mitano, Eufrasia. Watauliza: huyu alikuwa wapi? Alikaa kimya?"

"Nani alikaa kimya?" Mama alisimama. Kwa kweli alisimama, akiwa anazungumza na simu. "Mimi nilikaa kimya? Machi 2016, Mkuu wa Mkoa. Agosti 2016, Magereza. Januari 2017..." Akawa anazitaja kwa kichwa, bila jalada. Nami nikawa natazama kidole changu kikihesabu, na nilifika ishirini na kitu ndipo spika ilipopasuka kwa kicheko.

"Binti! Binti, ngoja. Nilisema barua si ngazi."

"Ulisema! Na nikakubali!"

"Si ngazi. Lakini ni nyayo. Zinaonyesha mlikuwa mnatembea. Ziandike, tarehe na ofisi tu. Kila moja yenye risiti ya posta."

Risiti zote zilikuwepo. Mama hatupi karatasi. Ilichukua Jumapili mbili kuzipanga, na ombi likapata ukurasa ambao haukuwa na sentensi hata moja, ni tarehe tu kutoka juu mpaka chini, na ofisi mbele ya kila tarehe.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa nakala. Ombi limekamilika, mama akaandika chini: "Nakala: Baba Askofu."

"Hapana," ikasema spika.

"Moja tu."

"Hapana."

"Mama Kalpana, tangu nizaliwe sijaona barua ya maana isiyo na nakala. Wataona ni ya mtu asiye na watu nyuma yake."

"Hiyo ndiyo maana ya mahakama, mwanangu," akasema Bibi Kalpana. "Unaenda bila watu nyuma yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Mama akafuta.

Ombi lilitumwa Bukoba, likachapwa stesheneri, Adelina akalipeleka gerezani. Sharti ni kwamba anayelalamika ajulikane jina, na mjomba Justin alisaini kila ukurasa, hata zile ambazo hazikuhitaji. Tarehe 6 Novemba likaenda Arusha kwa barua pepe. Tarehe 9 likaja jibu lenye namba ya shauri. Zilibaki siku kumi na tatu. Mama alinitumia ile namba shuleni, saa ya hesabu, na nilinyang'anywa simu kwa ajili yake, wala sikujali.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja hakusimuliki. Nilirefuka. Mtoto wa Bibi Kalpana alimchukua akaishi naye Thornton Heath, kusini kabisa mwa jiji, na mama akaacha kuwa mlezi wake wa kulipwa. Sasa huenda kama mgeni, Jumamosi moja kila mwezi, treni mbili na basi, na anapofika bado anamchana nywele, ila hakuna saa inayohesabu. Katikati ya miaka hiyo majibu ya Serikali yalikuja. Ilipinga kwa hoja mbili: kwamba mjomba angeweza kwanza kuomba mapitio ya hukumu yake, na kwamba amechelewa. Mama alimsomea Bibi Kalpana akiwa na hofu. Bibi Kalpana alisikiliza akitafuna njugu. "Vizuri," akasema. "Wamegonga palepale tulipojenga."

Hukumu ilisomwa Februari mwaka huu. Mahakama hurusha usomaji kwenye mtandao, na ilikuwa wiki ya likizo ya katikati ya muhula, kwa hiyo nilikuwepo. Tulikwenda Thornton Heath kutazama kwenye televisheni ya Bibi Kalpana. Mama alivaa gauni la kanisani. Jaji alisoma bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kawaida, na sisi watatu tukawa tumeinama kuelekea kioo kama tunaota moto.

Kwanza alisoma kwamba mahakama ina mamlaka. Bibi Kalpana akakunja kidole kimoja. Kisha pingamizi la kwanza: mapitio ni njia ya ziada, mleta maombi hakulazimika kuipitia, na kwa kufika mahakama ya juu ya rufaa alikuwa amemaliza njia za ndani. Kidole cha pili. Kisha muda. Jaji akasema miaka mitano, miezi miwili na siku nne. Mama akanishika mkono akanibana mpaka nikaumia. Mleta maombi yuko kifungoni, akasoma jaji, hakuwa na msaada wa kisheria, na rekodi inaonyesha juhudi zisizokatika za kutafuta nafuu katika ofisi mbalimbali. Kwa hiyo muda huo unafaa. Shauri linakubalika.

"Linakubalika," mama akarudia, taratibu, kama anaonja.

"Kaa chini, hajamaliza," Bibi Kalpana akasema, ingawa mama hakuwa amesimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika fimbo anajaribu kuinuka.

Sehemu iliyobaki ilisomwa haraka zaidi, au labda ni sisi tuliokuwa hatuwezi tena kusikiliza. Si yote yaliyokwenda upande wetu. Mahakama ilikataa kuamuru mjomba aachiwe. Ilisema yenyewe si mahakama ya kupima upya kila ushahidi. Lakini ilisema haki yake ya kupewa wakili ilivunjwa, na ikaamuru shauri lake lisikilizwe upya, akiwa na wakili. Mimi nilitaka kulia kwa sababu ya lile la kuachiwa. Nilimtazama mama nikitegemea kuona hivyo hivyo, nikamkuta anahesabu kwenye vidole, anamwuliza Bibi Kalpana amri kama hiyo huchukua miezi mingapi kutekelezwa.

"Inategemea nchi," Bibi Kalpana akajibu. "Nyingine hazitekelezi. Utaandika."

"Nitaandika."

"Bila fisi."

"Bila fisi, Mama."

Mwezi wa Mei, nikiwa katikati ya mitihani yangu, wakili alipatikana. Kijana wa Bukoba, wa shirika linalosaidia wafungwa. Alikwenda gerezani Jumanne, na Jumanne hiyo jioni Adelina akapiga simu. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameingia, hajavua hata sare. Akaweka spika.

"Haya, niambie, wifi. Wakili amemwonaje Justin?"

"Mzima. Amekonda kidogo, lakini mzima. Wakili ameniambia mwenyewe. Anasema alipokaa tu, alimwuliza swali moja: siku ile ulikuwa wapi?"

Mama akashika mdomo.

"Justin akamtazama," Adelina akaendelea, "akasema, 'Waitu, mheshimiwa, miaka kumi na minne, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.'"

Nilisikia kuku nyuma ya Adelina, na mtoto anaitwa.

"Naye Justin akamjibu nini?" mama akauliza mwishowe.

"Eh, wifi," Adelina akasema, akaanza kucheka. "Amejibu kwa muda wa saa moja na nusu. Wakili aliishiwa karatasi, akaenda kuomba kwa askari."